Sura ya Sita: Kutoka Mzizini Hadi Kwenye Goti

Mtu wa pwani akiumwa viungo hakosi wa kumshauri. Jirani atamtajia mizizi ya kuchemsha, shemeji atakuja na mafuta ya kuchulia, shehe wa mtaa ana habasoda na asali, na muuza duka la dawa atamkatia vidonge vya diklofenaki. Kuanzia Mkinga, jirani na mpaka wa Kenya, hadi Kipumbwi kusini mwa Pangani, nyumba yenye mzee haikosi anayelalamikia magoti, kiuno au baridi yabisi. Na kila mshauri ana mtu wa kumtolea ushahidi: fulani alikuwa hainuki, kanywa siku saba, sasa anakwenda shamba.

Tutajuaje nani kati yao anasema kweli? Hilo ndilo swali la sura hii, na jibu langu nalitanguliza. Mganga hutupa swali zuri, na panya wa maabara hutupa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki iko kwenye goti la mtu. Katika dawa zetu nyingi za maumivu tumesimama kwa panya, tukatangaza ushindi.

Magome ya Amani

Mkoa wa Tanga haukuanza jana kupima magome ya miti. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilifungua taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki juu ya Muheza. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Miti ililetwa kutoka pembe zote za dunia ikajaribiwa katika udongo wa Usambara. Mmojawapo ulikuwa msinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambao gome lake lina kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na manowari za Waingereza zikafunga bahari, dawa kutoka Ulaya zilikatika, na Amani ikageuka kuwa kiwanda cha mahitaji mengi ya jeshi la Kijerumani, vidonge vya kwinini vikiwemo.

Gome lile halikuaminiwa kwa sababu ya ukongwe wa habari zake. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikuwa wameshaichomoa kwinini ndani ya gome, na tangu hapo iliwezekana kuipima kwa mizani. Ikajulikana kwamba misinkona miwili iliyosimama jirani inaweza kutofautiana sana kwa nguvu, na kwamba mgonjwa anayepewa kikombe cha gome bila kipimo anaweza kupata kidogo mno au kupita kiasi. Kuanzia hapo daktari wa Tanga na daktari wa Berlin waliweza kumpa mgonjwa kipimo kilekile.

Magome ya wenyeji hayakupata bahati hiyo. Jina la Stuhlmann limebaki kwenye mti wa misitu ya pwani, Warburgia stuhlmannii. Afrika Mashariki nzima, magome makali ya miti ya jamii hiyo hutafunwa au kuchemshwa kwa ajili ya meno, kifua, homa na maumivu ya mwili. Shabaha ya Amani ilikuwa mazao ya biashara ya himaya. Mzee wa Kibondei aliyekuwa akipita na kifurushi chake cha mizizi hakuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Wakati huohuo, huko Ujerumani, gome jingine lilikuwa linamaliza safari yake. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza aitwaye Edward Stone aliiandikia Royal Society ya London kwamba alikuwa amewapa watu wapatao 50 wenye homa za vipindi unga wa gome la mti uitwao wilo, na wengi wakapata nafuu. Mwaka 1828 salisini ilichomolewa kwenye gome hilo. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer, alitengeneza umbo lake linalovumilika tumboni, na mwaka 1899 likaingia sokoni kwa jina la Aspirin. Hata hivyo hakuna aliyejua inavyofanya kazi hadi mwaka 1971, Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kutoka kwa kasisi hadi kwa Vane ni miaka 208.

Ugunduzi wa Vane ndio msingi wa sehemu kubwa ya vipimo tunavyovitumia leo. Sehemu ya mwili ikiumia, chembe zake hutoa mafuta fulani, na vimeng'enya viitwavyo COX huyageuza kuwa prostaglandini. Hizo hupanua mishipa midogo, huvuta maji na chembe nyeupe za damu, na huamsha neva za maumivu. Dalili zake ni nne tangu enzi za Warumi: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa pamoja huitwa mchochota. Dawa nyingi za maumivu za duka la dawa, kuanzia ibuprofeni hadi diklofenaki, huviziba vimeng'enya hivyo. Anayepima mzizi wa Handeni kwa ajili ya viungo huanza kwa kujiuliza kama na wenyewe unafanya hivyo, au una njia yake.

Mti ujulikane kwanza

Kazi huanzia porini, na kosa la porini halisahihishwi maabara. Mzigua wa Handeni, Mdigo wa Mkinga na Msambaa wa Lushoto wanaweza kuuita mti mmoja kwa majina matatu, au kuipa miti mitatu jina moja. Kwa hiyo mtafiti hukata tawi lenye majani, na likiwezekana maua au matunda. Hulibana katikati ya magazeti, hulikausha, huandika mahali, tarehe na jina alilopewa na mganga, kisha hulipeleka kwa mtaalamu wa mimea. Lushoto, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, kuna hazina ya mimea mikavu ya namna hiyo. Bila kielelezo hicho hakuna wa kurudia kipimo, na kipimo kisichorudiwa kinabaki kuwa hadithi.

Kuorodhesha tumefanya vizuri. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na tangu mwaka 1991 ni taasisi kamili. Watafiti wake waliizunguka mikoa ya mashariki mwa nchi wakiandika miti na matumizi yake. Mwaka 2000 Schlage, Mabula, Mahunnah na Heinrich walichapisha utafiti kuhusu mimea ya dawa ya Washambaa, uliounganisha kumbukumbu za waganga na tathmini ya kisayansi. Mtu akisema leo kwamba elimu ya waganga wa Tanga haijaandikwa, hajatafuta.

Mganga haulizwi jina la mti tu. Aulizwe ni sehemu gani inayotumika: mzizi, gome au jani. Inachumwa lini? Inakaushwa juani au kivulini, inachemshwa kwa muda gani, inanywewa kikombe au kijiko? Inachanganywa na nini? Inapakwa, inafukizwa, au unga wake husuguliwa kwenye chale? Hapa ndipo tafiti nyingi huteleza. Mganga amechemsha mzizi kwa maji, lakini maabara imeuloweka kwenye ethanoli au kiyeyusho kingine kikali, kwa sababu kiyeyusho hutoa kemikali nyingi zaidi. Kitakachopimwa si dawa ya mganga tena. Kikifanya kazi, hatujui kama chai ya mganga inafanya kazi. Kikishindwa, hatuna haki ya kusema mganga ameshindwa.

Mguu wa panya

Kipimo maarufu cha mchochota kilielezwa na Winter na wenzake nchini Marekani mwaka 1962, na hadi leo ndicho kinachotumika kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam. Panya wakubwa wa maabara hugawanywa makundi. Kundi la kwanza hunyweshwa maji matupu. La pili hupewa dawa inayojulikana, mathalani indomethasini. Yaliyobaki hupewa dondoo ya mmea, yaani kile kinachobaki maji au kiyeyusho kikishakaushwa, kila kundi kwa kipimo chake. Baada ya saa moja kila panya hudungwa kwenye unyayo wa mguu wa nyuma mililita 0.1 ya karajenani, na mguu huanza kuvimba.

Hiyo karajenani si kitu kigeni kwa watu wa Tanga. Hutolewa kwenye mwani mwekundu, na ni kwa ajili ya karajenani ambapo wanawake wa pwani hii, kama wenzao wa Unguja na Pemba, hufunga mbegu za mwani kwenye kamba, maji yakitoka. Viwanda huitumia kugandisha maziwa na dawa ya meno. Ikiingia chini ya ngozi, mwili huichukulia kama adui.

Kila baada ya muda mguu wa panya hutumbukizwa kwenye kichupa cha maji hadi alama iliyochorwa kwenye kifundo. Maji yaliyopanda ndiyo ukubwa wa uvimbe. Saa mbili za mwanzo uvimbe husukumwa zaidi na histamini na serotonini. Kuanzia saa ya tatu zamu ni ya prostaglandini. Dondoo inayopunguza uvimbe saa ya kwanza lakini ikalegea saa ya nne inatueleza jambo tofauti na ile inayoanza polepole kisha ikashika. Kwa kuangalia saa tu, mtafiti mzuri hukisia dawa inagusa wapi.

Maumivu yana vipimo vyake. Panya wadogo hudungwa asidi ya siki tumboni, kisha huhesabiwa mara wanazojinyonga kwa maumivu. Wengine huwekwa juu ya bamba lenye nyuzi joto 55 za Selsiasi na kupimwa sekunde wanazokaa kabla ya kulamba nyayo au kuruka. Muda wa mwisho huwekwa ili wasiungue. Kuna mtego hapa ambao msomaji wa habari za magazetini haambiwi. Mmea unaolevya au kulegeza misuli utamfanya panya atulie tuli, na daftari litaandika kwamba maumivu yamepungua. Ndiyo maana maabara makini humweka panya huyohuyo juu ya gogo linalozunguka: akianguka ovyo, dawa imemlewesha, haijamwondolea maumivu.

Mtego wa pili ni wa vipimo. Tuseme dondoo imepunguza uvimbe kwa kipimo cha miligramu 400 kwa kila kilo ya panya. Kanuni ya kawaida ya kuhamisha kipimo kutoka kwa panya huyo kwenda kwa binadamu ni kugawanya kwa 6.2. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 3.9 za dondoo. Ikiwa kila gramu 10 za mzizi mkavu hutoa gramu moja ya dondoo, hizo ni gramu 39 za mzizi kwa dozi moja. Mganga anayetoa kikombe kilichochemshwa kwa vipande viwili vya ukubwa wa kidole hafiki huko. Huenda kuna utafiti uliothibitisha nguvu ya mmea kwa kipimo ambacho hakuna mzee wa Pangani aliyewahi kukinywa.

Nusu waliopona bure

Mwaka 2001 jarida la Arthritis & Rheumatism lilichapisha utafiti wa Altman na Marcussen kuhusu tangawizi na maumivu ya goti. Wagonjwa 247 walifuatiliwa. Wengine walipewa dondoo ya tangawizi, wengine plasebo, yaani kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa, na hakuna aliyejua amepata kipi. Waliopewa tangawizi, asilimia 63 walipata nafuu ya goti wakisimama. Waliopewa plasebo walikuwa asilimia 50.

Hebu tuzitafakari takwimu hizi. Tangawizi ilisaidia, lakini kwa kiasi cha wastani. Jambo kubwa zaidi ni kwamba nusu ya waliomeza kidonge kisicho na kitu walipata nafuu. Hawakuwa waongo. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hutafuta dawa siku yanapopanda. Kuhudumiwa, kusikilizwa na kutumaini navyo hupunguza maumivu kwa kweli. Kwa hiyo mganga mwenye wateja 100 na wapatao 50 wenye furaha anaweza kuwa na dawa nzuri, au asiwe na dawa kabisa, na yeye mwenyewe hana njia ya kujua. Daktari wa hospitali naye hana, asipolinganisha.

Tuliliona hilo mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, maelfu kwa maelfu walipopanga foleni kwa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile cha Sh. 500, kilichochemshwa kutoka mzizi wa mugariga. Watu walitoka hadi pwani. Ushahidi wa waliopata nafuu ulikuwa mwingi kuliko magari yaliyokwama njiani. Kulinganisha ndiko kulikokosekana, na wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe.

Mimea iliyopanda ngazi hadi juu ipo, na miwili iko jikoni kwetu. Mafuta ya karafuu yamejaa yujenoli, ambayo hutia ganzi. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki wakaziba jino, na bibi aliyeweka karafuu kwenye jino la mjukuu hakukosea. Pilipili kichaa ina kapsaisini. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko Marekani ilikitambua kipokezi cha neva ambacho kapsaisini hukigusa, kilekile kinachohisi joto kali, na mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Leo kuna krimu na plasta za kapsaisini kwa maumivu ya neva na viungo, na kiasi cha dawa kimeandikwa juu ya paketi.

Mjafari wetu, Zanthoxylum chalybeum, bado uko katikati ya safari. Ni mti wa miiba, na ukitafuna gome lake ulimi huwaka kisha hufa ganzi. Hutumika kwa jino na kwa homa. Kemikali zinazoleta ganzi hiyo katika jamii ya mjafari zinajulikana na zimechorwa. Mtu yeyote anaweza kuuonja ukweli wake kwa dakika moja. Hata hivyo ganzi ya ulimi si tiba ya goti, na umbali kati ya hayo mawili hauvukwi kwa kuonja.

Cha asili nacho huua

Mwarobaini umepandwa kila uwanja wa Tanga, na dondoo zake zimepunguza uvimbe wa panya katika maabara nyingi za Asia na Afrika. Mwarobaini huohuo, mafuta ya mbegu zake waliponyweshwa watoto wachanga huko Malaysia, uliwaharibu ubongo na ini. Madaktari waliandika habari hizo mwaka 1981. Mti mmoja, sehemu mbili, vipimo viwili na matokeo mawili.

Ndiyo maana kipimo cha sumu si cha kuongezea mwishoni. Cha mwanzo ni rahisi hata kwa maabara ya shule: uduvi wadogo wa maji ya chumvi huanguliwa, dondoo huongezwa, na baada ya saa 24 wanaohesabiwa ni waliokufa. Kisha hufuata panya, kwa dozi moja kubwa, na baadaye kwa dozi ndogo za kila siku, huku ini, figo na damu vikichunguzwa. Maumivu ya viungo ni ya miaka. Mzizi ambao hauui kwa kikombe kimoja unaweza kuichosha figo kwa vikombe 300.

Kuna hatari nyingine isiyotokana na mmea. Katika nchi mbalimbali, dawa za "asili" za viungo zilizoponya kwa kasi ya ajabu zimekutwa zimechanganywa kwa siri na deksamethasoni au diklofenaki. Mgonjwa huamka amechangamka, uso ukaanza kuvimba, sukari ikapanda, vidonda vya tumbo vikatoka damu. Dawa ya mizizi inayoondoa baridi yabisi ya miaka 10 kwa usiku mmoja, ipeleke kupimwa kabla ya kuisifu.

Tanga ina nini mkononi

Mkoa huu una mazingira ambayo mikoa mingi haina. Katika miaka ya 1990, kabla serikali haijaanza kugawa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mwaka 2004, waganga wa Pangani na Tanga na madaktari wa hospitali walishirikiana kupitia Tanga AIDS Working Group kuwahudumia wagonjwa kwa mitishamba dhidi ya magonjwa nyemelezi. Benki ya Dunia iliutangaza ushirikiano huo kama mfano. Somo lake kubwa lilikuwa uaminifu: mganga alimwonyesha daktari mti, daktari akampelekea mganga mgonjwa wa kupimwa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina vituo Tanga, Korogwe na Amani, na majaribio ya dawa za malaria yamefanyika katika mkoa huu kwa miongo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ipo, na Baraza lake husajili waganga na dawa. Mkemia Mkuu wa Serikali hupima usalama. Hospitali ya Bombo iko palepale juu ya bahari, na wagonjwa wa magoti wamejaa kwenye mabenchi yake.

Jaribio ninalolitamani si la mabilioni. Chukua dawa moja, iliyotambuliwa kwa kielelezo, iliyochemshwa kama mganga anavyochemsha, iliyopita kipimo cha sumu. Tafuta wagonjwa 100 wa goti waliokubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Nusu wapewe dawa, nusu wapewe kinywaji chenye uchungu na rangi ileile bila dawa, kwa kura, asijue mgonjwa wala anayempima. Kwa majuma 6 waulizwe maumivu yao kwa alama 0 hadi 10, na wapimwe damu. Mganga aandikwe kwenye mkataba kabla ya mzizi wa kwanza kung'olewa, na fungu lake lijulikane. Kama jani lina nguvu sawa na mzizi, na hilo hupimika, jani ndilo litumike, maana mti unaong'olewa mizizi kila juma hautamfikia mjukuu.

Dawa ikishinda, tutakuwa na kitu cha kuandikwa kwenye cheti cha daktari. Ikishindwa, tutakuwa tumewaokolea wazee fedha na figo. Matokeo yote mawili ni faida, na yote mawili yachapishwe.

Nawe msomaji unayekunywa mizizi kwa ajili ya viungo, usingoje utafiti huo ili kuwa mwangalifu. Jua jina la mti na sehemu unayotumia. Usimpe mtoto mchanga wala mjamzito. Usichanganye na vidonge vya maumivu, vya presha au vya kuzuia damu kuganda bila kuuliza. Ukifika hospitali, mwambie daktari unachokunywa hata kama hajakuuliza, na akikunja uso, mwambie tena.